Uzi: Nani alichagua Kavumu? Zaidi ya kilomita 30 kutoka Bukavu, tena juu kuliko ziwa

#1 Mwana_Bagira
Jambo bakubwa. Nina hoja, nishambulieni kwa takwimu, si kwa matusi.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Uwanja wa ndege wa Kavumu, wa Bukavu hapa mashariki mwa Kongo, uko mita 1,720. Yaani waliokuwa wanatafuta mahali pa kutua ndege za Bukavu walipanda mita 260 zaidi, kule hewa inakozidi kuwa nyepesi, wakafuata barabara ya Mudaka na Miti mpaka mji ukapotea nyuma, halafu wakaweka pisti (njia ya kurukia na kutua ndege) ya mita 2,000 tu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kuna uwanja wa Kamembe, mita 1,582, na daraja si mbali. Pisti yake ni mita 1,500, lakini iko chini zaidi.

Ninasema Kavumu ni chaguo baya tangu siku ya kwanza, na kila ndege ndogo inayokwenda Shabunda au Lulingu, kule porini magharibi, inalipa chaguo hilo kwa kilo inazoziacha sakafuni. Anayebisha alete sababu.

#2 Fundi_Propela
Bagira, chukua ramani yenye mistari ya mwinuko, siyo ile ya kutafutia hoteli. Bukavu imekaa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani, na nyuma ya rasi ni vilima. Unataka mita 2,000 za pisti, pamoja na mita 60 za ziada kila ncha, pamoja na eneo la usalama baada ya hapo. Hayo ni maandalizi tu.

Kazi yenyewe iko angani. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Kiambatisho cha 14, zinasema hivi: pisti ya kutua kwa kuongozwa na vyombo yenye mita 1,800 kwenda juu iwe na njia wazi ya kukaribia inayoanza mita 60 kabla ya kizingiti (mwanzo wa pisti) na kupanda 2% kwa mita 3,000 za kwanza. Piga hesabu: ukienda kilomita 3 mbele ya kizingiti, kilima, mnara wa kanisa au mkaratusi wowote uliozidi mita 60 juu ya kizingiti ni kikwazo. Pembeni ya pisti mambo yanapanda kwa 14.3%, yaani mita 1 kwa kila mita 7.

Sasa simama Kadutu, mtaa wa vilimani Bukavu, tazama chini, uniambie wapi utalaza mstari huo bila kukuta kilima ndani ya kilomita 3. Ukielekeza upande mmoja ziwani, upande wa pili unagonga mji. Kavumu kuna uwanda kati ya ziwa na milima ya magharibi, na mstari wa kaskazini-kusini unapita bila kukata kilima. Hiyo tu ndiyo sababu. Mambo mengine ni mapambo.

#3 Ndeke_Mingi
Nguba iko muzuri ya kutembea jioni, ya kutua ndeke hapana 😂

#4 Kahuzi3308
Naungana na Fundi nusu. Vikwazo vinaeleza kwa nini SI Bukavu. Havielezi kwa nini Kavumu, maana uwanda huo unaendelea kaskazini mpaka Katana.

Tazama nani alikuwa anaishi huko zama za Wabelgiji. Mulungu kulikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC. Lwiro kulikuwa na IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa 1947, yenye majengo ambayo mpaka leo mgeni akiyaona anauliza yalifikaje pale. Katana kulikuwa na hospitali ya FOMULAC, ya Chuo Kikuu cha Louvain. Katikati yake mashamba: kahawa, chai, kwinini. Watu wa aina hiyo ndio waliokuwa na tikiti za ndege, na ndio waliokuwa na vifurushi vya haraka: chanjo, mbegu, vipuri vya mashine, barua. Chora mduara unaozunguka hao wote, uangalie uwanja wa Kavumu umeangukia wapi. Pisti haikujengwa ipate Bukavu. Ilijengwa ipate mashamba, na Bukavu ikafuata kwa gari.

#5 Nyawera_Junior
Wote mnasahau mpaka. Ruanda-Urundi ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji haohao. Mtu wa Costermansville (jina la zamani la Bukavu) kuvuka Ruzizi kwenda Shangugu, mji wa ng'ambo, ilikuwa kama kutoka Ibanda kwenda Kadutu: afisa yuleyule, franka ileile. Kwa hiyo swali la "Kamembe au Kavumu" halikuwa na uzito wa leo. Uzito ulikuja Rwanda ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Tangu siku hiyo Bukavu ilihitaji uwanja mkubwa wa upande wake, na uwanda wenye nafasi ya kurefusha ulikuwa mmoja.

#6 Kahuzi3308
@Nyawera_Junior hiyo inaeleza kwa nini Kavumu ilikua. Haielezi kwa nini pisti ilianza pale. Ni maswali mawili.

#7 Nyawera_Junior
Yote mawili yana jibu moja: mpaka. Uwanja usiokua ni shamba lenye mfuko wa upepo.

#8 Hesabu_Tu
Kabla hamjaendelea na historia, tupime hoja ya Bagira, maana amesema mwinuko ndio unaoumiza.

Kuna kanuni ya kusahihisha urefu wa pisti inayofundishwa kwenye usanifu wa viwanja. Kwa kila mita 300 za mwinuko, ongeza 7%. Kwa kila nyuzi moja ya joto juu ya joto la kawaida la mwinuko huo, ongeza 1%. Kwa kila 1% ya mteremko wa pisti, ongeza 10%. Unazidisha, hujumlishi.

Kavumu: 1,720 gawa kwa 300 ni 5.73, mara 7% ni 40%. Joto la kawaida la mita 1,720 kwa kitabu ni nyuzi 3.8. Mchana weka 25, tofauti ni 21, basi 21%. 1.40 × 1.21 = 1.70. Gawa mita 2,000 kwa 1.70: unapata kama mita 1,180. Hiyo ndiyo pisti ambayo ndege inaiona, kana kwamba iko ufukweni siku ya baridi.

Kamembe kwa njia hiyohiyo: 1.37 × 1.20 = 1.65, na mita 1,500 zinakuwa 910.

Sasa mchukulie Bagira ameshinda, tumejenga mita zake 2,000 palepale usawa wa ziwa, mita 1,460. Inakuwa 1.34 × 1.195, yaani 1.60. Mita 2,000 zinakuwa 1,250. Kwa hiyo mita zako 260 za mwinuko, ndugu, zina thamani ya mita 70 za pisti. Kwa mita 70 unataka kubomoa Bukavu?

#9 Ndeke_Mingi
Bagira amelala 😂😂

#10 Mwana_Bagira
Sijalala. Na Goma je? Goma iko mita kama 1,550. Pisti yake ilikuwa na mita kama 3,000 mpaka lava ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilipofunika upande wa kaskazini zikabaki kama 2,000. Kwa fomula yako ilitoka 1,835 ikaanguka 1,220. Mbona kwa Goma kila mtu alilia, na Kavumu yenye 1,180 mnaniambia iko sawa?

#11 Hesabu_Tu
Kwa sababu Goma walikuwa wanatua na jeti za DC-9 na MD-82, tena pisti inaishia kwenye nyumba za Birere. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kuruka ikaingia mtaani, na Novemba 2009 MD-82 ikapita mwisho ikakwama kwenye lava. Nambari hiyohiyo ya mita inaweza kuwa ndefu kwa ndege moja na kaburi kwa nyingine. Umeanza na ndege ndogo za Shabunda, baki nazo.

#12 Fundi_Propela
@Hesabu_Tu fomula ni sahihi ila umeikata mkia. Maelezo yanasema marekebisho ya mwinuko na joto yakizidi 35% kwa jumla, acha fomula, fanya utafiti maalumu wa mahali penyewe. Kavumu mwinuko peke yake ni 40%. Kwa hiyo 1,180 yako inafaa kubishania, haifai kujengea. Fundi mwema angefungua kitabu cha kila aina ya ndege na kusoma jedwali lake.

#13 Hesabu_Tu
Uwiano kati ya viwanja unabaki uleule, na hoja ya Bagira ni uwiano.

#14 Dispatch_BKY
Jambo. Nilikuwa nasoma tu, lakini hii ya kilo lazima nijibu, maana mzigo hauachwi Kavumu kwa sababu ya hewa ya Kavumu.

Chukua Cessna 208B, Grand Caravan yenye injini ya nguvu-farasi 675. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 3,969. Ndege tupu iliyotolewa viti ni kama kilo 2,150, rubani 85. Zinabaki kama 1,730 za mafuta na mzigo. Kavumu hadi Shabunda ni kama kilomita 170, dakika 35 hadi 40 pamoja na kupanda. Injini inakunywa karibu lita 190 kwa saa. Kwenda na kurudi weka lita 240, akiba ya dakika 45 weka 145, kuwasha na kutembea chini 15. Jumla lita 400, na Jet A-1 (mafuta ya injini za turbini) ni kilo 0.8 kwa lita, basi kilo 320. Mzigo unaobaki ni kama kilo 1,400.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawakioni. Uzito wa juu wa KUTUA wa Caravan hiyo ni kilo 3,856, mdogo kuliko wa kuruka. Kwa safari fupi ya Shabunda unachoma kama kilo 100 tu njiani. Ukiruka na 3,969 utafika na 3,869, umezidi kilo 13. Kwa hiyo kikomo kinatoka Shabunda, hakitoki Kavumu! Na ukitua pisti ya udongo iliyonyeshewa, hutataka hata hizo 3,856.

Mafuta ya kurudi unayabeba wewe mwenyewe, maana kule ni ya mapipa na bei yake tuiache.

#15 Mwana_Bagira
Sawa, lakini injini je? Hewa nyepesi haipunguzi nguvu?

#16 Dispatch_BKY
Inapunguza, lakini si kama pistoni. PT6, injini ya turbini ya Caravan, imewekewa kikomo cha torki (nguvu ya kuzungusha propela) chini ya uwezo wake halisi, ndiyo maana chini pwani inatoa nguvu yote bila kufika joto la juu. Kavumu mchana ni kinyume: rubani anasukuma mkono wa nguvu na sindano ya joto la ndani inafika kikomo, nyuzi 805 za kuruka, kabla torki haijajaa. Anasimama hapo. Anayeendelea kusukuma anapata torki yake leo na bili ya turbini baadaye.

L-410, ndege ya propela mbili, ina mfumo wa kunyunyizia maji kwenye injini ili irudishe nguvu wakati wa kuruka. Maji yawe yaliyosafishwa. Ukiweka ya bomba, chumvi zake zinaganda kwenye blade za kompresa.

Injini ya pistoni isiyo na tabo (ya kusukumia hewa) ndiyo inayoteseka. Kavumu iko futi 5,643. Joto likiwa nyuzi 24, injini na bawa vinajiona viko kama futi 8,000. Shabunda iko kama futi 1,840, na hata joto likiwa 30 vinajiona kama 4,100. Ndege ileile, rubani yuleyule, mashine mbili tofauti.

#17 Mama_Ibanda
Wanangu, tena kwenye kutua. Kila mtu hapa anasema kuruka. Kwa hizo futi 8,000 mwendo halisi unazidi ule unaosomwa kwenye saa ya mwendo kwa kama 13%. Rubani anasoma noti 80 (maili za baharini kwa saa), magurudumu yanagusa kwa 90. Nishati ya kumalizwa na breki inapanda kwa mraba, karibu 27%. Anayetoka Kinshasa, aliyezoea kuona ardhi ikipita kwa mwendo fulani, anahisi yuko kasi mno, anapunguza, na huko ndiko ndege inakoangukia. Au kinyume chake: anaelea, anagusa katikati ya pisti, na mita 2,000 zimekuwa 1,000.

Tarehe 12 Februari 2012 Gulfstream IV ilipita mwisho wa pisti ya Kavumu ikatelemka bondeni. Waliokufa ni pamoja na marubani wawili na Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa rais Joseph Kabila. Ile haikuwa ndege ndogo, lakini bonde halichagui.

#18 Nyawera_Junior
Aksanti mama. Bonde hilo ndilo linalonifanya niseme uwanda wa Fundi si uwanda sana.

#19 Fundi_Propela
Ni uwanda wa mita 2,000. Nani aliahidi 3,000?

#20 Kahuzi3308
Tukiwa kwenye mambo ya kuumiza: tatizo la Kavumu liko magharibi, wala halihusu urefu wa pisti. Mlima Kahuzi ni mita 3,308, futi 10,853, na kilele hakifiki hata kilomita 20 kutoka uwanjani. Shabunda iko upande huohuo.

Fanya hesabu ya kupanda. Unataka kupita na futi 1,000 juu ya kilele, yaani karibu 11,850. Kutoka Kavumu ni kupanda futi 6,200. Caravan iliyojaa, kwa wastani wa futi 600 kwa dakika, inahitaji dakika 10 na zaidi. Kwa mwendo wa kupanda hizo ni kilomita 34 hivi. Mlima uko ndani ya 20. Basi haiwezekani kuruka ukageuka moja kwa moja magharibi. Lazima upande kwanza ukizunguka juu ya ziwa, upande wa kisiwa cha Idjwi, halafu ndipo uukabili ukingo. Ukikuta umefungwa, unarudi. Ukiukabili ukiwa bado unapanda, upepo wa mashariki kwenda magharibi unakusukuma chini upande wa pili.

Saa nayo ni muhimu. Asubuhi mapema ukungu unakaa bondeni na kilele kiko wazi. Saa nne, saa tano, mawingu yanaanza kushika mlima. Mchana ngurumo. Ndiyo maana ndege za porini zinataka kuruka saa kumi na mbili na nusu, na abiria wanaona ni ukatili.

Tarehe 1 Septemba 2008 Beechcraft 1900 ya shirika la Air Serv kutoka Kisangani iligonga mlima kama kilomita 15 kaskazini-magharibi ya Kavumu, hali ya hewa mbaya. Watu 17. Februari 2011 L-410 ya mizigo iligonga mlima Biega baada ya kuruka, wawili wakafa. Milima ileile.

#21 Mwana_Bagira
Unaona sasa? UNANISAIDIA. Mtu aliyechagua kuweka uwanja kilomita chini ya 20 kutoka mlima wa mita 3,308 alichagua vibaya!

#22 Kahuzi3308
Alichagua kwa ajili ya DC-3, ndege ya propela ya zama zile, inayokuja kwa kufuata ziwa. Shabunda haikuwa wazo lake, wakati huo barabara ya Shabunda ilikuwa inapitika. Ndege ndogo za magharibi zimekuja kwa sababu barabara imekufa. Usimlaumu mchoraji kwa barabara iliyooza baadaye.

#23 Ndeke_Mingi
Batu ba Bagira banapenda kubisha hata na mulima

#24 Moderata_Kivu
Kuna ujumbe mbili nimeziondoa. Kwamba waasi wa M23 waliingia Kavumu Februari 2025 na ndege za abiria zikakatika, kila mtu anajua. Uzi huu ni wa pisti na ndege. Endeleeni.

#25 Nyawera_Junior
Sawa moderata, lakini hilo nalo ni ushahidi wa mpaka, siyo siasa. Kavumu ikifungwa, mtu wa Bukavu anaangalia Kamembe, RwandAir ya Kigali. Ikifunguka anarudi. Viwanja viwili kwa mji mmoja, kila kimoja kinahesabu siku za mwenzake.

#26 Chef_Escale
Nadharia ya nne, ya wataalamu wa hewa. Pisti ya Kavumu ni 17/35, yaani digrii 170 na 350. Ya Goma nayo ni kaskazini-kusini vilevile. Je, ni bahati? Ziwa na milima ya bonde la ufa vinakwenda kaskazini-kusini, na upepo mkubwa unafuata mfereji huo. Upepo mdogo wa ziwa unavuma kukata: mchana kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku kinyume. Pisti ukiilaza kaskazini-kusini unapata upepo wa mbele mara nyingi, na ule wa pembeni unakuwa mwepesi asubuhi. Katika peninsula za Bukavu huwezi kupata mwelekeo huo pamoja na urefu. Nadhani walitafuta mwelekeo kwanza, mahali baadaye.

#27 Fundi_Propela
Hiyo ni hoja yangu umeivalisha koti.

#28 Chef_Escale
Yako ni ya vilima, yangu ni ya upepo. Kiwanja kinaweza kukosa kilima na bado kikawa na upepo mbaya.

#29 Kijana_wa_Panzi
Samahani wakubwa, swali la pembeni. Ile ya Walikale, ndege kutua barabarani, ilikuwaje? Mita ngapi zinahitajika?

#30 Dispatch_BKY
Kilambo. Kipande cha barabara ya lami karibu na Walikale, ndege kutoka Goma zilikuwa zinatua hapo kuchukua kasiterite (madini ya bati) ya mgodi wa Bisie. Gari na pikipiki zinasimamishwa pande mbili, ndege inashuka, inapakia, inaondoka.

Mita zinategemea uzito, na hapa watu wanajidanganya, kwa hiyo sikiliza vizidishi vinavyotumika kwa ndege ndogo. Uzito ukizidi kwa 10%, urefu wa kuruka mara 1.2. Mwinuko kila futi 1,000, mara 1.1. Joto kila nyuzi 10, mara 1.1. Majani makavu mara 1.2, majani yaliyolowa mara 1.3. Udongo laini mara 1.25 na hata zaidi. Mteremko wa kupanda 2%, mara 1.1. Upepo wa nyuma wenye noti sawa na 10% ya mwendo wa kuinuka, mara 1.2. Vyote vinazidishana. Umezidisha kilo kwa 10%, majani yamelowa, upepo kidogo wa nyuma: 1.2 × 1.3 × 1.2 ni 1.87. Pisti iliyotosha jana leo inahitaji karibu mara mbili, na hakuna kitu kimoja kati ya hivyo ambacho rubani angekiona ni kikubwa.

Ndiyo maana kwenye pisti fupi kunawekwa alama nusu ya urefu, mawe yaliyopakwa chokaa yanatosha. Ukifika nusu hujapata 70% ya mwendo wa kuinuka, vuta mkono, simama. Kama unainuka kwa noti 70, nusu ya pisti lazima usome karibu 50. Usijadiliane nayo.

#31 Fundi_Propela
Ongeza propela. Pisti ya kokoto usipandishe nguvu umesimama, propela inanyonya mawe na kuyapiga yenyewe. Anza kutembea kwanza, nguvu ije taratibu. Kijeraha cha jiwe ukingoni mwa blade kinapigwa tupa kiwe mviringo laini siku hiyohiyo, maana ufa unaanzia pale. Na kasiterite: safi ina uzito karibu mara 7 wa maji. Gunia la kilo 50 ni dogo kama mto wa mtoto, basi wapakiaji wanarundika nyuma karibu na mlango. Caravan inakaa mkia chini. Weka nguzo ya mkia KABLA ya gunia la kwanza, panga mbele kwanza, funga kila safu, na soma kikomo cha sakafu kwa mita ya mraba. Mzigo mzito mdogo unatoboa sakafu kabla haujafikisha kilo za ndege.

#32 Mama_Ibanda
Na kupima pisti ya udongo: endesha gari kilomita 50 kwa saa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikombe cha chai kikimwagika, ndege itaumia. Halafu tembea kwa miguu, bonyeza kisigino, tazama kinavyozama. Gari halioni shimo la panya.

#33 Kijana_wa_Panzi
Aksanti sana. Na kwa nini siku hizi hatuoni tena zile Cessna ndogo za pistoni, 206 na wenzake?

#34 Dispatch_BKY
Petroli ya ndege, ile 100LL ya buluu. Inakuja kwa mapipa ya lita 200, kutoka mbali, na bei inapanda kila inapobadilisha gari. Jet A-1 inapatikana kwa sababu ndege kubwa zinaihitaji. Mwenye 206 anakaa wiki akisubiri mapipa matatu, mwenye Caravan anajaza na kuondoka.

Na mapipa yana ugonjwa wao. Pipa likisimama wima nje, maji ya mvua yanakaa juu ya kifuniko, usiku pipa linapoa na kuyanyonya ndani kupitia vizibo. Lilaze ubavu, vizibo viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo, saa tatu na saa tisa za uso wa saa, ili mafuta yavifunike kwa ndani na visikauke. Kabla ya kutumia, lisimamishe, liinamishe kidogo kwa kipande cha ubao, liache litulie. Bomba la pampu lisiguse chini, liache sentimita chache, maji na kutu viko pale. Chujio, waya wa kuondoa umeme tuli kutoka pipa hadi ndege, kisha toa kidogo kwenye kila valvu ya tangi, utazame kwenye chupa safi.

Hujui ni mafuta gani? Tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inapotea, Jet inaacha doa la mafuta. Jet ndani ya pistoni inaweza kuruhusu injini iwake na itembee mpaka mwanzo wa pisti, kwa sababu bado inakunywa petroli iliyobaki kwenye mabomba. Inazimika baada ya kuinuka.

#35 Kahuzi3308
Ndipo tunaporudi kwenye mashamba, @Nyawera_Junior. Ndege za pistoni za zamani zilihitaji mapipa, na mapipa yalihitaji ghala, lori na mtu wa kuyalinda. Nani alikuwa na ghala na lori upande wa Kavumu? Wenye mashamba.

#36 Nyawera_Junior
Na Costermansville haikuwa na maghala? Ilikuwa na bandari!

#37 Chef_Escale
Bandari iko mita 260 chini ya pisti. Pandisha mapipa hayo kwa lori la wakati ule, Mudaka kwenye matope, halafu uniambie.

#38 Mwana_Bagira
Hata adui zangu wanatumia mita zangu 260 😂

#39 Kijana_wa_Panzi
Swali la mwisho kwa Dispatch: mapipa matupu yanarudi vipi kutoka Shabunda?

#40 Dispatch_BKY
Pipa tupu la chuma ni kilo 17 hadi 20, na linakula nafasi kuliko uzito. Kumi ni kilo 200 lakini yanajaza Caravan, kwa hiyo hayarudi kama kuna mzigo mwingine. Yanabaki kule yakiwa tangi la maji, mlango wa jiko au paa. Kama lazima yarudi, fungua kizibo kimoja: lililofungwa kabisa chini linavimba ukifika futi 11,000, na likiwa na mvuke wa petroli ndani hutaki livimbe nyuma ya kiti chako.

#41 Fundi_Propela
Kizibo kimoja kikiwa wazi mvuke unakuja kwa rubani. Yasafishwe kwanza, yakauke, au yasipande.

#42 Dispatch_BKY
Yakauke kwa wapi, Shabunda ya mvua?